Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti
Tumefika. Nyumba ya wageni ni ileile: ngazi zinalia, mapazia yamefifia. Mwaka tuliooana, marehemu mke wangu na mimi tulikaa hapa. Asubuhi alipaka siagi mpaka ukingoni mwa mkate, mezani pale dirishani, na mnara wa ngome nyuma ya vioo. Nimekuja kwa ajili ya kiti hicho. Basi. Magofu nishayaona.

Kiti kina mtu! Mstaafu mwenye darubini shingoni na kofia kichwani, mezani! Amekuja kutazama ngome na anaupa mnara mgongo. Ati anapata mwanga wa kusomea. Nimembatiza Bwana Darubini. Mama mwenye nyumba kasema ndiyo desturi yake: aliyetangulia kufika ndiye mwenye dirisha, mpaka afunge virago.

Shemeji, dada wa marehemu, aliyenileta ili eti nichangamke, kaniambia nimwombe tu. Nimwombe! Mtu anayekoroga chai kama anachanganya saruji!

Jumanne, 5 Agosti
Mpango: aondoke. Nikamdokezea kwamba ng'ambo ya vilima kuna mji wa kale kuliko huu, wenye nyumba za wageni nzuri ajabu. Niliutunga pale pale, mkate ukiwa mdomoni.

Akafungua ramani. Mji haumo. Basi ni ugunduzi huo, akapiga kelele, twendeni sote, na ndugu yangu hapa atuongoze!

Tumetembea kutwa. Matope. Ng'ombe. Miiba. Nilipochoka kabisa nikanyoosha kidole kwenye zizi lililobomoka. Bwana Darubini akalipima kwa hatua, akatuhutubia kuhusu uashi wa mababu, akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. Zizi! Lina bati! Msomi gani huyu?

Shemeji akauliza kama sasa nimechangamka.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango bora zaidi. Nimemnong'oneza mama mwenye nyumba kwamba Bwana Darubini anakoroma, wageni hawalali, afadhali atafutiwe nyumba nyingine. Kunishukuru huko kwa kumfumbua macho!

Mchana kamhamisha. Kamleta chumbani kwangu, kitanda cha pili! Chumba changu kiko pembeni, kasema, hatamsumbua mtu.

Alhamisi, 7 Agosti
Anakoroma kweli. Nami nilidhani namsingizia.

Asubuhi nikashuka nimevimba macho. Bwana Darubini akasimama, akavua kofia. Akasema shemeji yangu kamweleza kila kitu, pole sana, si ningesema tu siku ya kwanza? Akabeba kikombe chake mwenyewe, akanipisha, akakaa mkabala ili nisiwe mpweke.

Nikakaa. Nikangoja.

Mlango wa jikoni. Hicho ndicho kinachoonekana ukikaa pale. Mlango wa jikoni na ndoo.

Hiki kilikuwa kiti chake yeye, mke wangu. Mimi nilikaa mkabala. Jua lilipita kwenye nywele zake, naye akinicheka kwa makombo ya ndevuni, na nyuma yake mnara. Nilikuwa namtazama yeye, jamani, si mnara. Nilipaka siagi mpaka ukingoni. Nikala polepole.

Kiti ninachokitaka ni kile cha mkabala. Na nani kakikalia? Yeye, anatabasamu, anakoroga saruji yake!

Ijumaa, 8 Agosti
Shemeji anasema nimwambie tu, yule bwana ni muungwana, atainuka kabla sijamaliza kusema. Bila shaka. Ndipo anipe pole tena mbele ya watu. Hanipati!

Nimetumia akili. Nimemwambia mama mwenye nyumba kwamba kile kiti cha mkabala kimeliwa na mchwa, mtu asikikalie mpaka nikikague mwenyewe. Kanishukuru kwa moyo wote, kamwinua Bwana Darubini papo hapo, kakitoa kiti uani. Sasa hivi kapita dirishani na shoka. Sijui la nini, ila mambo yanakwenda vizuri.