Biskuti za Mlangoni

Jumamosi, 9 Novemba. Damanhur.

Bismillahi. Leo nimeanza kutuandikisha kwenye kura ya Hija, mimi na Inshirah. Mwisho ni Alhamisi. Mke wangu anaisubiri safari hii tangu binti yetu Rabab akiwa chekechea, na sasa Rabab ameolewa Suez, katuachia kompyuta yake. Nimeiwasha nikiwa na udhu.

Ukurasa ukafunguka, ukauliza: unakubali vidakuzi? Nikamwuliza Inshirah kidakuzi ni kitu gani. Akasema ni biskuti. Miaka yote niliyokaa dirishani ofisi ya maji sikupokea chai ya mtu, si ya kunywa wala ile nyingine. Hata keki ya basbusa niliirudisha na sahani yake. Leo naomba kwenda nyumba ya Mungu, nianze kwa kupokea biskuti? Nikabonyeza Kataa. Nadhani walikuwa wananipima.

Nikaandika jina na neno la siri. Ukurasa ukazunguka, ukanirudisha mlangoni. Nikaandika tena. Mlangoni. Hausemi nimekosea. Unanipokea vizuri, halafu unajifanya hunijui.

Kuna mtu ananizuia.

Jumapili, 10 Novemba.

Nimempata. Bahgat, kaka yake Inshirah, anayekaa ghorofa ya chini. Intaneti ni yake, anatugawia bure. Sijawahi kujiuliza kwa nini bure. Na yeye pia yumo kwenye kura, na nafasi za mkoa wetu ni chache. Jina langu lisipoingia, lake linapata pa kupumulia.

Nimekutana naye ngazini kabeba mkate. Nikamwuliza kijuujuu kama ameshajiandikisha. Akasema zamani, kazi ndogo tu, shemeji, unakubali kila wanachokuuliza unapita. Kila wanachokuuliza! Na huyu ndiye mjomba wa mwanangu. Kisha akaniuliza, na wewe bado? Alijuaje kama bado? Alikuwa anautazama mkate. Mtu mkweli hutazama uso.

Jumanne, 12 Novemba.

Mpango. Bahgat alipotoka kwenda swala ya adhuhuri nilishuka kwake, nikamwambia mkewe nimekuja kuazima ndimu. Alipoingia jikoni, nikachomoa waya wa kile kidude cha intaneti kinachomwekamweka. Nikapanda mbio. Sasa hana cha kunizuilia.

Ukurasa haukufunguka kabisa. Kumbe mtu huyu anazuia hata akiwa msikitini.

Inshirah akasema, “Baba Rabab, umezima mtandao wa nyumba nzima.” Baadaye Bahgat akagonga, ndimu mkononi. Akasema, “Shemeji, ulikuja kuazima ndimu ukaiacha, ukaondoka na intaneti.” Akacheka. Mkewe naye alisikika akicheka kutoka chini. Nikaipokea ndimu kwa sababu ni ya kuazima, nitairudisha.

Swala ya adhuhuri nimeisali peke yangu, kwa kuchelewa. Mungu anajua nia yangu.

Alhamisi, 14 Novemba.

Siku ya mwisho. Tangu alfajiri niko mlangoni. Inshirah amelitoa tu lile vazi jeupe la Hija alilolishona mwenyewe, akalikunjua, akalikunja, akalirudisha kabatini. Bora angenigombeza.

Rabab akapiga simu. Akasema baba, vidakuzi haviliwi. Ni kama kile kinamba ulichokuwa ukiwapa watu foleni ya ofisi ya maji. Ukurasa unakupa mlangoni ili ukifika ndani ukujue. Wewe unakikataa, kwa hiyo kila ukipiga hatua umeshakuwa mgeni. Maelezo mazuri. Nikamwuliza kayapata wapi. Akasema kwa mjomba Bahgat.

Nikamshukuru, nikakata simu.

Alasiri niliisomea kompyuta Yasini, nikaenda msikitini. Niliporudi Inshirah alikuwa ameikalia, mikono ina unga, na ukurasa wote ni wa kijani: ombi limepokewa, mume na mke. Machozi yakanitoka. Nikamwuliza amefanya nini.

“Nimekubali biskuti, Baba Rabab. Nilikuwa na njaa.”

Anatania, maskini. Ni Yasini, ilichelewa kidogo kufanya kazi. Hata hivyo alipoondoka nilitafuta mahali pa kufutia vidakuzi, nikavifuta vyote, nikamwombea msamaha.

Jumatatu, 2 Desemba.

Matokeo leo. Kabla hata ya kifungua kinywa niko kwenye kompyuta. Vidakuzi? Kataa. Jina. Neno la siri. Mlangoni. Nikarudia mpaka maharage yangu ya ful yakapoa.

Bahgat akagonga. Ana sahani ya biskuti za samli, zile za sikukuu, sukari juu yake. Macho mekundu. Akasema, “Hongera, shemeji. Wewe na dada mmepata. Jina langu halikutoka.” Akanikumbatia muda mrefu. Akaniomba nikifika Arafa nimtaje kwenye dua.

Nilisimama pale na swali moja tu. Amejuaje? Mwenye akaunti ni mimi, na mimi sijui.

Inshirah akasema kutoka jikoni kwamba ameyaona yote kwenye simu yake tangu alfajiri, ndiye aliyemwambia kaka yake, na kuthibitisha ameshathibitisha, nije nile. Anamkingia kifua. Damu ni damu. Na mambo ya akaunti hayathibitishwi na mtu anayekaanga vitunguu.

Biskuti nimezirudisha kwa adabu, na sahani yake. Ile ndimu nimeiweka juu. Arafa nitamtaja, jina lake kamili, Mungu amwondolee tabia ya kupekua.

Sasa nakaa nithibitishe mwenyewe. Nimebadilisha neno la siri, nimefunga dirisha lililo juu ya lake.

Ukurasa umefunguka. Unauliza kama nakubali vidakuzi.

Hawakati tamaa, watu hawa. Kataa.