Mwanangu Rodell Hawezi Kuwa wa Sita

Mwanangu Rodell mmemwandika wa sita! Wa sita, Hollis! Nyuma ya mtu aliyevunjika mguu wiki ya tatu ya msimu!

Haya, sasa nakusalimu. Ndugu Mhariri wa gazeti la Sauti ya Belmora, Bwana Hollis Pettway, hujambo? Mkeo hajambo? Na yule pacha mwenye pumu, anapumua vizuri? Mimi kwa mwili sijambo. Kwa moyo, endelea kusoma.

Unanijua. Mimi ni Odessa Tolliver, niliyepika shuleni Belmora miaka thelathini na mmoja. Wewe mwenyewe nilikuwa nakuongezea mkate wa mahindi kila Ijumaa, maana ulikuwa mwembamba kama ufito, upepo ukivuma mwalimu anakushika shati. Sikukumbushi ili unionee haya. Nakukumbusha ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kukutakia mabaya. Masomo niliishia darasa la tisa, kwa hiyo ukikuta sentensi imelala upande, inyanyue, ndiyo kazi yako.

Nazungumzia orodha yako ya Alhamisi iliyopita, ile ya wadakaji bora wa timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Kambare wa Chuo cha Pruitt, kwa miaka sitini. Umeandika kwamba majina matano ya kwanza yatapakwa rangi kwenye ukuta wa uwanja, na kwamba Siku ya Kurudi Nyumbani, wahitimu wanaporudi chuoni kwa mechi, wakati wa mapumziko, wenye majina hayo wataitwa mmoja mmoja katikati ya uwanja huku bendi ikipiga. Watano. Halafu anafuata wangu, bila ukuta, bila bendi, na mstari mmoja tu: "Rodell Tolliver, 1986 hadi 1989. Mikono mizuri. Mama yake alisikika hadi kaunti ya pili." Hilo la sauti yangu ni kweli na nakushukuru, lakini halimpeleki mtoto ukutani.

Ngoja nikwambie kwa nini linaniuma. Rodell yuko Milwaukee, anaendesha basi la jiji. Tangu tumzike baba yake, miaka kumi na moja sasa, hajakanyaga Belmora. Krismasi nakwenda mimi, siku nzima barabarani na magoti haya. Kila Septemba namwuliza, "Baba, mwaka huu unakuja Siku ya Kurudi Nyumbani?" Ananijibu, "Mama, zamu." Mwaka unaofuata, zamu. Hakuna zamu ya miaka kumi na moja, Hollis, hata jela watu wanatoka. Nikakaa nikawaza: mtu akiitwa kwa jina lake mbele ya watu elfu tisa, na tarumbeta juu, atakosaje kuja? Zamu haishindani na tarumbeta. Kwa hiyo mimi ukuta wenu siuhitaji. Namtaka mwanangu mezani kwangu, nimpakulie mwenyewe, kabla hizi siku hazijaniishia. Nina miaka sabini na saba. Daktari wangu siku hizi anazungumza nami kwa upole sana, na upole wa daktari si dalili njema.

Basi malalamiko yangu ni haya, nayapanga kwa namba kwa kuwa naona gazeti lako linapenda namba.

1. Sanduku la kura mliliweka kwa Lemuel, kinyozi. Niambie, mama gani mjini hapa huenda kunyolewa ndevu kwa Lemuel? Nilipoingia, wanaume walinyamaza kana kwamba nimewafuma wakioga. Lemuel, mkasi mkononi, akaniuliza, "Dada Odessa, nikupunguze juu au nikutoe yote?" Wakacheka hadi aliyekuwa kitini akachubuliwa sikio. Mmoja akasema, "Mwacheni mama wa watu, amekuja kumpigia Rodell. Ile ya themanini na nane peke yake inatosha!" Na mwingine akadakia, "Inatosha kwa nini? Ulysses Gant alikuwa anadaka kwa mkono mmoja, na mwingine kashika kofia ya kocha!" Basi wakasahau kama nipo. Wakaanza miaka ya sitini na Gant, wakaja miaka ya sabini na yule Percy aliyecheza na miwani imefungwa kwa mpira wa nguo ya ndani, wakafika kwa huyu Tavares Boone wa juzi, yaani yule yule wa mguu, na kila mmoja alikuwa na wake na kila mmoja alikuwa anapiga kelele. Nikapiga kura nikatoka. Baadaye nasikia karatasi zangu hazikuhesabiwa zote. Nakiri zilikuwa kumi na tisa. Lakini niliwapigia wasioweza kufika: dada zangu watatu, kwaya ya akina mama, na marehemu mume wangu, ambaye maoni yake juu ya jambo hili nayajua vizuri kuliko Lemuel.

2. Wa kwanza mmemweka Cortez Stokes. Sina neno na Cortez. Mama yake, Dada Verlene, tunakaa benchi moja kanisani mwaka wa arobaini huu. Jumapili alikuja na gazeti lako ndani ya Biblia, limekunjwa pale kwenye Zaburi, akanipigapiga mkono akasema, "Dada Odessa, mpenzi, hata wa sita ni baraka. Wengine hata hawajatajwa." Nikamwambia, "Amina, mpenzi. Na pai yako ya viazi vitamu ni ya pili kwa ubora mezani, zikiwa mbili." Mchungaji akatukoholea.

Cortez alidaka mipira mia mbili na kumi. Vizuri. Nani alimrushia? Yule mrushaji wa kutoka mji wa Mobile, ambaye mpira wake ulikuwa unakufikia kifuani taratibu kama mtoto anayerudishwa kwa mama yake. Wangu alirushiwa na Dinkins. Unamkumbuka Dinkins? Mpira wa Dinkins ulitoka mkononi kama kuku aliyeshtuliwa bandani: mabawa huku, miguu kule, na hakuna ajuaye atatua wapi, hata kuku mwenyewe. Kudaka mpira mmoja wa Dinkins ni sawa na kudaka mitatu ya mtu timamu. Rodell alidaka tisini na minane. Zidisha kwa tatu. Cortez tayari yuko nyuma, na bado sijagusa matope.

3. Matope. Uwanja wa zamani, kabla hawajauinua, ulikuwa unakunywa maji ya mto. Oktoba ikifika, kambare wa kweli wangeweza kucheza wakashinda. Cortez na huyo Boone wamekimbia kwenye nyasi zinazonyweshwa na kuchanwa kama nywele za bibi harusi. Yadi iliyokimbiwa kwenye matope si yadi ya zulia. Naomba yadi zote za zamani zizidishwe mara mbili.

4. Malezi hamkuyahesabu. Ile mikono mliyoisifia kwa maneno mawili ilitengenezwa jikoni kwangu. Nilikuwa na watoto watano na meza ya watu wanne. Mkate ukitoka kwenye oveni niliurusha. Aliyedaka aliula wa moto, aliyeangusha aliupangusa kwanza. Rodell hakuwahi kula mkate wenye vumbi. Kocha wa Pruitt alipokea kazi iliyokwisha. Mwaka mtakaotoa orodha ya makocha, nipo, na siombi kuwa wa kwanza, nitatosheka na wa pili.

5. Sasa naja kwenye ile ya themanini na nane, dhidi ya wapinzani wetu Harlan, ambayo hukuitaja hata kwa nukta. Nilikuwapo. Safu ya nne, pembeni ya lile tarumbeta kubwa. Zimebaki sekunde saba, tuko nyuma kwa pointi nne, mvua inapiga kama inadai kitu. Dinkins akarusha kuku wake. Mpira ukapanda, ukayumba, ukashuka nyuma ya mstari wa mwisho pale pembeni, mabeki wawili wa Harlan wakiwa wamemning'inia Rodell mabegani kama makoti. Mwanangu akajinyoosha, urefu wake wote niliomzaa nao na nyongeza, akautia vidole chini, vidole kumi, kabla haujagusa ardhi, maana ukigusa hauhesabiwi, akauvuta kifuani huku anaserereka matopeni. Refa akainua mikono: pointi sita, tumeshinda. Baba yake, mtu aliyecheka mara tatu katika ndoa yetu, alinibeba juu juu mbele ya mchungaji! Watu walilia. Harlan walilia zaidi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Rodell akija nyumbani alikuwa hawezi kuvuka mahema ya wachoma nyama nje ya uwanja bila kuwekewa mbavu mkononi na kuambiwa, "Kaa hapa, tusimulie." Na baba yake nyuma yake, kifua mbele, akimkosoa akiruka sentensi. Mdako kama huo mmeuandika kwa maneno "mikono mizuri". Hata glavu zina mikono mizuri.

6. Ombi langu, basi. Sitaki kumshusha mtoto wa mtu. Verlene asije akaugua kwa ajili yangu. Waache watano wako walivyo, Cortez abaki wa kwanza, na Rodell mweke kabla ya wa kwanza. Palepale juu, bila namba. Hakuna atakayeshushwa, na haki itakuwa imetendeka. Kama utasema ukuta hauna nafasi, nafasi ipo. Nimekwenda na kamba yangu ya kuanikia nguo nikaupima, mlinzi shahidi. Majina sita yanaingia vizuri kama mtaandika herufi za Stokes kwa unene wa kawaida na sio kama jina la duka. Na bendi nimeshazungumza nayo. Kiongozi wao nilimlisha pia.

Nisalimie wote hapo ofisini: yule binti wa matangazo ya misiba, mpiga picha, na mama yako mzazi, mwambie bakuli lake ninalo, nitalirudisha likiwa na kitu ndani. Msalimie Lemuel, mwambie namsamehe nusu. Wasalimie wadakaji wote, walio hai na waliotangulia. Hata Boone, mguu wake Mungu auponye.

Ni mimi niliyekulisha nawe ukashiba, nikingoja marekebisho kwenye toleo la Alhamisi,

Odessa Tolliver (Bi.), mama wa jezi namba themanini na mbili.

Nyongeza. Hollis, kabla hujafanya lolote, soma na hapa. Nilikuwa natafuta bahasha, Rodell akapiga simu. Nikamsomea barua yote, nikijua atafurahi. Kwenye kuku wa Dinkins alicheka hadi akakohoa. Nilipofika namba tano hakucheka. Akasema, "Mama, ule mpira uligusa chini kwanza. Uligusa matope, ukanirukia mikononi. Refa alikuwa nyuma ya mgongo wangu, hakuona."

Nilitaka kumkatalia. Maana kweli nilikuwapo safu ya nne, hilo halina uongo. Lakini mpira ukiwa hewani mimi hufumba macho nikaomba. Miaka yote minne nilifumba. Sijawahi kumwona mwanangu akidaka mpira hata mmoja, nilikuwa najua kwa kelele za watu. Yale yote ya vidole kumi nilisimuliwa na baba yake kwenye gari tukirudi, na nadhani naye alisimuliwa na mtu.

Rodell akaniambia, "Baba alikuwa anaipenda ile hadithi, Mama. Alipokuwa hai nilikuja nikaisimulia kwa ajili yake. Alipokufa sikuweza tena kupewa mbavu kwa kitu ambacho sikukifanya." Kumbe ndiyo hiyo zamu ya miaka kumi na moja. Mimi huku nahangaika na kamba kwenye ukuta.

Halafu akaniuliza polepole, "Wa sita haitwi uwanjani, sivyo?" Nikamwambia haitwi. "Na hasimami kusimulia?" Nikamwambia hasimami, anakaa na mama yake anakula. Akasema, "Basi ruhusa ya kazini nimeshaomba, tangu Alhamisi, nilipoiona ile orodha. Na hili la matope liandike, Mama, litoke gazetini, nije nikiwa nimeshalitua."

Kwa hiyo nakusihi, Hollis, kwa kila kipande cha mkate nilichokuongezea: mwache wa sita. Usimpandishe hata kidole. Lemuel akizihesabu upya zile karatasi zangu, zichome. Ukiona kuna hatari yoyote ya kupanda, mshushe wa saba, mimi nitasaini. Ningeiandika barua upya, lakini karatasi zimeniishia, na la sanduku la kura bado ni la kweli.

Mwambie Verlene alete ile pai yake, mtu aliyekosa chakula cha nyumbani miaka kumi na moja, pai moja haitamtosha. Watu wa Harlan wakitaka ushindi wao wa themanini na nane, waje wauchukue, wabebe na sahani. Hema langu litakuwa palepale, upande wa lango la kaskazini, na mbavu zitakuwa tayari kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na mkeo na pacha wote. Waje wote waliompigia kura na wasiompigia. Sharti ni moja: mtu asimwambie asimulie. Ni Jumamosi, tarehe kumi na nane Oktoba.