Suruali Yangu Ndani ya Mashine ya Marehemu

Jumatatu, 4 Machi

Mashine ya kufulia imekufa. Imenguruma, imetikisika, ikanyamaza katikati ya kazi, na mlango umegoma kufunguka. Ndani kuna suruali yangu. Ile moja ya kutokea nayo!

Waranti iliisha Ijumaa. Mashine ilingoja iishe kwanza, ndipo ikafa. Hujuma tupu.

Shemeji Mkoba, kaka wa mke wangu, ambaye haachani na mkoba wake hata mezani, ametoa hukumu akiwa amesimama. Waranti ikiisha, eti, kitu ni chako na shida zake ni zako. Mwisho wa mwezi atamnunulia mama yake nyingine. Kisha akaitazama kaptula yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mimi na mke wangu tunakaa kwa mama mkwe kwa muda tu, wakati najipanga. Huu ni mwaka wa tatu.

Mama mkwe kamwambia mwanawe ahsante, kwa sauti ndogo. Mashine ile ndiyo kitu cha mwisho alichonunua marehemu baba mkwe. Ikimaliza kufua huimba kawimbo kafupi, na mzee, popote alipokuwa ndani ya nyumba, aliijibu kama mtu: "Tumesikia, bibie." Alipofariki, mama mkwe akaanza kuijibu mwenyewe. Huweka kiti kando yake, akashona vifungo, akasubiri. Leo kakaa pale mpaka jioni, na hapakuwa na cha kujibu. Iliniuma sana.

Nimekata shauri. Kabla ya mwisho wa mwezi nitakuwa nimeishughulikia mimi, na Mkoba atabaki na mkoba wake.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu ana wazo: twende dukani na risiti, tuseme ukweli. Nimecheka. Anaongea kama mtu asiyeijua dunia.

Kwa kuwa suruali imefungiwa, mama mkwe kaniazima suti ya marehemu. Imenikaa! Nikatia na kofia yake, nikajitazama kwenye kioo, na akili ikafunguka. Kadi ya waranti ina jina la mzee. Mzee mwenye heshima zake, nani asimsikilize? Poda kidogo kichwani, fimbo mkononi, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Meneja wa duka aliinuka kunipokea. Akanipa kiti. Nikajua mambo yameiva. Kwa sauti nzito nikamweleza kwamba mimi ndiye mwenye jina kwenye kadi, kwamba nilikuwa mbali muda mrefu, mashine haikuguswa, hivyo waranti ihesabiwe upya tangu niliporudi.

Meneja akavua miwani, akaifuta polepole. Akasema hana shaka nilikuwa mbali, maana yeye mwenyewe alikuwepo makaburini.

"Wewe ndiye yule mkwe aliyedondosha sinia la chai," akasema.

Nimerudi kwa njia ya uchochoroni. Fimbo nimeisahau.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya. Meneja kapiga simu kuuliza nani ataifuata fimbo ya marehemu. Aliyepokea ni mama mkwe.

Nilijificha chumbani nikipanga kuhama mji. Kisha nikasikia kitu ambacho sijakisikia siku nyingi: mama mkwe anacheka. Alicheka akavunjika mbavu, akaegemea ukuta, akadai aonyeshwe nilivyotembea. Nikatembea. Akacheka tena, na kicheko kilipokwisha machozi hayakwisha. Nikasimama na kofia mkononi, sijui niende wapi. Mke wangu akamkumbatia. Mimi nikachemsha chai, na sinia nililishika kwa mikono miwili.

Mchana mke wangu alikwenda ofisi ya kulinda walaji. Dada wa kaunta kamweleza kwamba waranti ni ahadi ya nyongeza ya mtengenezaji. Ikiisha, haki ya mnunuzi haiishi nayo. Kitu kinachotarajiwa kudumu miaka kikifa mapema kwa ubovu kilichozaliwa nao, muuzaji atajibu: atengeneze, abadilishe, au arudishe pesa. Na hata kama mnunuzi amefariki, mjane wake yupo. Hakuna haja ya mtu yeyote kujipaka poda.

Nimemwambia mke wangu kwamba huo ulikuwa msimamo wangu tangu mwanzo. Kanikata jicho.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Dukani mke wangu kazungumza, mimi nimekaa na kufuata maelekezo, yaani nimenyamaza. Meneja akamtuma fundi nyumbani. Fundi akafungua mlango wa mashine, akatoa suruali yangu (sasa inamfaa mtoto wa darasa la kwanza), kisha akachimbua ndani na kupiga simu dukani: ubovu ni wa kiwandani, na si mashine ya kwanza ya aina ile kurudi na ugonjwa huo.

Meneja akauliza kwenye simu tunataka nini, itengenezwe au tuletewe mpya. Mke wangu alifumbua kinywa. Mimi nilikuwa nimeshasema mpya! Nilimwona Mkoba mbele ya macho yangu, amenywea, mkoba umemlegea.

Jioni gari limeleta mpya na kuondoka na ile mbovu. Mama mkwe alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Tumpe mshangao, nikasema.

Ijumaa, 8 Machi

Mashine mpya inang'aa. Ina vitufe ambavyo hata mke wangu havijui. Mama mkwe kaipanguza, kaisifu, kaweka nguo, kavuta kiti chake. Sindano mkononi, akasubiri.

Ikamaliza. Ikalia pii, pii, pii, kama lori linalorudi nyuma.

Mama mkwe alikuwa amekwisha fungua mdomo. Akaufunga. Akasema ni nzuri sana, Mungu anibariki. Kisha akauliza, taratibu, ile yake imepelekwa wapi.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepona. Siku zote nimehangaika nimshinde Mkoba, na sikumuuliza mama wa watu hata mara moja anataka nini. Ni kama nimemnyang'anya mzee wake mara ya pili.

Jumamosi, 9 Machi

Nimevaa suti ileile, sina nyingine. Bila poda. Nimemkuta meneja anafungua duka.

Nimemwomba achukue mpya, aturudishie ile mbovu, itengenezwe. Akaniuliza safari hii nimekuja kama nani. Nikasema kama mimi. Nikamweleza kawimbo, kiti, vifungo, na jibu la mzee. Nimetumia sauti yangu mwenyewe, si ile nzito ya kuigiza.

Meneja akageuka akapanga birika ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Akasema ile mashine ilikuwa ipakiwe Jumatatu kwenda kuvunjwa. Akapita nyuma akaandika juu yake kwa chaki: ISIGUSWE. Akanirudishia fimbo pia.

Nimegundua mbinu mpya kabisa: kusema kweli. Inafanya kazi! Nitaitumia kwa uangalifu isije ikazoeleka.

Jumatano, 13 Machi

Imerudi. Mkoba naye kaja kuiona, akaikagua kotekote, akaomba chai.

Mama mkwe kaweka mashuka, kavuta kiti. Mimi nilikaa sebuleni kwenye kochi la mzee, kwa sababu mengine yalikuwa yamekaliwa. Tukasubiri wote kama tuko hospitali. Maji yakatoka, ngoma ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikasimama.

Ikaimba.

Mama mkwe hakujibu. Nilimwona kupitia mlangoni, ameinamisha uso kwenye shati alilokuwa akishona. Kawimbo kakaisha. Sijui nani alinisukuma.

"Tumesikia, bibie," nikasema.

Nikaogopa nimevuka mpaka. Mama mkwe akaja polepole mpaka kwenye kochi. Alikuwa ameshika ile kofia. Akanivika mwenyewe, akaiweka sawa kidogo upande wa kushoto, kama alivyoivaa mzee.

"Kaa nayo, baba," akasema. "Mwongo wewe, lakini inakupendeza."

Mkoba akafuta macho, akasema ana mafua.

Ijumaa, 15 Machi

Pasi imeungua asubuhi hii. Waranti ilikwisha zamani, na kusema haki pasi niliidondosha mimi mwenyewe, mara mbili.

Mke wangu anasema hapo hakuna haki ya kudai, tununue nyingine, mambo yaishe. Hana maono. Nimekumbuka kwamba yule meneja alimjua baba mkwe, lakini hawezi kujua kama baba mkwe alikuwa na pacha.

Kofia nimeshavaa. Mama mkwe ndiye anayenipaka poda, na anasema leo sauti niipandishe kidogo, marehemu hakuwahi kunguruma.