Chanjo na Nywele za Mama

Jumatatu, 3 Mei
Leo nimepata akili. Msusi wa ng'ambo ya barabara ana wateja mpaka mlangoni, mimi kinyozi napiga miayo. Nimemnong'oneza muuza magazeti kwamba chanjo hii mpya hupukutisha nywele, hasa zilizosukwa. Kinga yake ni kunyoa kipara mapema. Akaapa hatamwambia mtu. Namfahamu, kufikia jioni mtaa mzima utajua.

Jumatano, 5 Mei
Vipara tu tangu asubuhi. Mkono umechoka. Msusi kakaa kibarazani peke yake anatafuna karanga. Nimempungia.

Alhamisi, 6 Mei
Balaa! Dada kapiga simu analia. Mama amegoma kuchanjwa, kisa nywele. Ana pumu, na ugonjwa huu umeshamchukua jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Lakini zile mvi zinazofika mabegani anazipenda kuliko sisi watoto. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni cha mama. Naogopa kweli.

Ijumaa, 7 Mei
Nimemwendea, nikamwambia ni uongo. Akasema sisi hatufuatilii mambo. Yeye habari kaipata kwa muuza magazeti. Sikuthubutu kusema yule kaipata wapi. Mwishowe katoa sharti: nichanjwe mimi kwanza, mbele yake. Nywele zangu zikibaki, naye ataenda. Mimi na sindano hatuelewani tangu utotoni.

Jumamosi, 8 Mei
Zahanati. Mama nyuma yangu. Msusi naye yuko foleni, mkosi gani huu. Muuguzi akaeleza taratibu kwamba chanjo huuonyesha mwili sura ya ugonjwa, kama mlinzi anavyoonyeshwa picha ya mwizi. Unaweza kuugua bado, akasema, ila si rahisi uzidiwe. Mkono kuuma na homa kidogo ni kawaida. Nilielewa vizuri sana mpaka nilipoiona sindano. Nilizinduka kichwa kikiwa mapajani mwa msusi. Alikuwa akinivuta nywele, akimwonyesha mama kwamba hazing'oki.

Jumatatu, 10 Mei
Mkono unauma, nywele zipo. Mama kazivuta mwenyewe, hakuridhika, kazivuta tena. Kisha akajitanda mtandio, tukaenda. Amechanjwa! Hata jicho hakupepesa. Mimi nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Alhamisi, 13 Mei
Msusi kajaza tena. Wateja wangu wote wana vipara, watarudi lini? Nimeapa sivumishi tena uongo. Uongo wa kutisha, namaanisha. Huu wa leo ni wa heri: nimemnong'oneza muuza magazeti kwamba chanjo huotesha ndevu nzito. Vijana wamekimbilia zahanati, na ndevu zikiota lazima zinyolewe. Kila mtu anafaidika. Mama anachanjwa dozi ya pili mwezi ujao, na safari hii nimefikiria kila kitu. Ndevu ni mambo ya wanaume, zitamhusu nini yeye?