Uzinduzi wa Vipaza Sauti vya Ukumbi Mkongwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe kwa kuwa aliyealikwa ametuma udhuru. Waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wanaowakaimia makaimu. Wadau wa sauti, wadau wa masikio, mabibi na mabwana! (Makofi safu mbili za mbele. Nyuma: "Kasemaje?" Mzee bawabu, aliyesimama juu ya stuli katikati ya ukumbi, anageuka na kupaza sauti: "Anasalimia!")

Leo ukumbi huu, uliojengwa na watu waliosikilizana bila umeme, unaingia rasmi katika zama za dijitali, na wala sisemi haya kwa kujisifu, ingawa nimejiandalia kurasa tatu za kujisifu na nitazisoma zote. (Bawabu, akikohoa: "Anajisifu!" Nyuma wanashangilia.)

Miaka sita iliyopita tulibaini, kupitia upembuzi yakinifu na semina elekezi kumi na moja, kwamba asilimia sabini na nane ya wananchi wanaoleta kero humu hawasikii majibu yetu, na sisi asilimia mia moja hatusikii kero zao, takwimu ambayo, nakiri, haikutukosesha usingizi. Tukaunda kamati. Kamati ikaja kupima sauti siku ya mapumziko, ukumbi ukiwa mtupu, nikasema "Haloo!", kuta zikajibu "Haloo!", tukaandika kwenye ripoti kwamba mawasiliano ya pande mbili yamethibitika. (Vicheko. "Kasemaje?" Bawabu: "Waliongea na ukuta!")

Ikaja changamoto ya kanuni. Jengo la kihistoria halitobolewi hata kwa msumari, hivyo vipaza sauti vingetundikwa wapi? Msumari ule mnaouona, ulioshika picha yangu, ulipata kibali maalumu. (Mama wa chai, mlangoni: "Na picha nayo inasikia?") Mama, swali lako limepokelewa, litafikishwa kwa kamati.

Sasa nije kwa bawabu wetu. Ameniletea barua ya nne akiomba kustaafu, na cheti cha daktari kisemacho kwamba akiendelea kupiga kelele hivi, sauti itamkauka moja kwa moja. Mzee wangu, shikamoo. (Bawabu, kwa sauti ya kukwaruza: "Marahaba, mwanangu. Nijibu tu.") Utajibiwa mzee, utajibiwa kitaalamu, baada ya kaulimbiu.

Ukumbi wetu! (Mbele: "Unasikika!") Sauti zetu! (Mbele: "Juu!" Nyuma: "Kasemaje?" Bawabu anajaribu, anakohoa, anaonyesha kidole juu.)

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati mzee huyu, kwani maikrofoni, amplifaya, nyaya na vipaza sauti vyote ninavyovizindua leo ni yeye na hiyo stuli. Hakuna kingine kilichowahi kuagizwa wala kufungwa. Ndiyo maana ombi lake nimelikataa: mtambo haustaafu, unafanyiwa matengenezo. Mama wa chai, mpe maji ya uvuguvugu. Mzee, waambie wa nyuma kwamba mradi umekamilika.

(Bawabu anashuka. Anavaa kofia yake, anakwapua stuli, anapita katikati ya watu hadi mlangoni. Mama wa chai anamfungulia.)

Mzee! Mzee wangu! Basi... asanteni sana kwa kunisikiliza!

(Nyuma: "Kasemaje?" Hakuna wa kuwajibu.)