Malalamiko Dhidi ya Mashine ya Presha Iliyonipima Nikiwa Kazini

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya kilichopeleka mashine Mwamgongo,
Kigoma.

Daktari Eufrasia,

Pole na kazi. Mimi si mgonjwa wako, ingawa kadi mliyonipa inasema hivyo.

Huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita katika uandishi wa habari hapa Kigoma. Kila zinapofika siku za upimaji wa bure huandika habari yenye kichwa kilekile: “Wananchi watakiwa kujitokeza kupima afya.” Nimeiandika mara kumi na tisa. Hubadilisha tarehe na jina la mgeni rasmi. Sikuwahi kudhani kwamba mwananchi huyo ni mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumanne iliyopita nilifika Mwamgongo kwa boti pamoja na timu yako. Nilihitaji picha ya mwanaume mtu mzima akipimwa presha. Foleni yote ilikuwa ya wanawake; wanaume walikuwa ufukweni wakiwatazama dagaa wakikauka, kazi ambayo dagaa huifanya wenyewe. Nilimwomba mvuvi mmoja, Havyarimana, mwenye kifua kinachofaa ukurasa wa mbele. Akakataa. “Mwandishi, mke wangu akiiona hiyo picha atajua nina kitu. Kaa wewe, mimi nikupige.” Nikampa kamera, nikakaa, nikakunja mkono wa shati. Ilikuwa ni kwa ajili ya picha tu, na muuguzi wako Elida nilimweleza hivyo. Alijibu, “Sawa baba, tulia,” kisha akaiwasha mashine.

2. Mashine yenu haijui kutofautisha mgonjwa na mwandishi aliye kazini. Ilisema 186 kwa 112. Nikamweleza Elida kwamba nimetoka kuruka kwenye boti. Akanikalisha kivulini dakika kumi bila kuzungumza, adhabu ambayo sijawahi kupewa hata na mahakama. Akapima tena: 184 kwa 110. Nikasema kitambaa kinabana. Akahamia mkono wa pili, majibu yakawa yaleyale. Katika kazi yangu, habari iliyothibitishwa mara tatu huchapishwa, lakini mhusika hupewa nafasi ya kukanusha. Mimi nilipewa vidonge.

3. Hadi saa nne asubuhi ya siku hiyo nilikuwa mzima. Ushahidi ninao: katika miaka hamsini na minne ya maisha yangu hakuna cheti, kadi wala karatasi yoyote iliyowahi kusema nina presha. Kichwa kilichokuwa kikiniuma asubuhi nilikwisha kugundua kwamba kinatokana na kompyuta ya ofisi.

4. Wanaume waliponiona nimebanwa kitini walikuja kunicheka. “Leo mwandishi kaandikwa yeye!” alipiga kelele mmoja, na wenzake wakashangilia. Kwa kuwa walikwisha kufika, Elida akawapanga mstari. Walipimwa arobaini na mmoja. Kufikia saa nane mchana, tisa kati yao walikuwa na presha, akiwemo Havyarimana. Nimewahi kuripoti kipindupindu, lakini sijaona ugonjwa unaoenea kwa kasi hii, tena kwa watu waliokalia kiti kimoja. Kambi ya wavuvi iliyo jirani, ambako mashine haikufika, haikuwa na mgonjwa wa presha hata mmoja. Nilipiga simu kuhakikisha. Nashangaa wataalamu hawajaliona jambo hili.

5. Oswald, mpiga picha niliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, hakupimwa kamwe, na alikuwa mzima siku zote. Machi mwaka jana aliinama ofisini kuchomeka chaja ya kamera, akashindwa kuinuka. Yuko hai. Upande wa kulia hausogei, na jina langu hawezi kulitamka. Hospitalini walimuuliza mkewe presha ilianza lini. Akajibu, “Haijawahi kuanza.” Naileta habari hii kama uthibitisho kwamba mtu asiyepimwa hukaa mzima mpaka dakika ya mwisho. Hoja hii nimeisoma mara mbili na kuna mahali inapwaya, lakini naiacha kama ilivyo.

6. Nyumbani hapakaliki. Mke wangu Leonia aliiona picha gazetini kabla sijapata maneno ya kumweleza. Tukiwa mezani alinisomea aya ya nne kwa sauti, ile ninamoandika kwamba presha huweza kukaa mwilini miaka bila dalili na kwamba chumvi ipunguzwe. Sasa samaki wetu wa ziwani, migebuka, wanaletwa hawana ladha kabisa. Nikamwambia aya hiyo niliinakili tu kutoka habari ya mwaka juzi. “Kumbe ulikuwa unajua tangu mwaka juzi,” akasema, akaendelea kula.

Kwa sababu hizo naomba matokeo yangu yafutwe. Naomba pia mashine ifundishwe kutambua kitambulisho cha mwandishi. Na kuanzia sasa watu wapimwe baada ya kuanguka, au ikiwezekana baada ya mazishi, wakati ambapo hawana shughuli nyingine na hawawezi kusingizia kazi. Vidonge nitavirudisha vyote.

Nisalimie Elida, mwambie ana mkono mwepesi na msimamo mgumu. Nisalimie wahudumu wote, mlinzi, na Mama Marcelina anayeuza uji getini.

Nasaini nikiwa na akili timamu na, kwa maoni yangu binafsi, presha ya kawaida,

Jonathan Manariyo,
Mwandishi wa Habari,
Ujiji.

Nyongeza: Vidonge sitaweza kuvirudisha, nimevimeza. Kichwa hakijaniuma tangu Jumamosi, jambo ambalo naomba lisitangazwe. Barua hii nakuletea mwenyewe Alhamisi kwa sababu ndiyo siku mliyoniandikia kurudi, na nitafika saa moja asubuhi ili niwahi namba za mwanzo. Nakuja na Leonia. Hajapimwa chochote tangu amzae mtoto wetu wa mwisho, miaka kumi na saba iliyopita. Anasema yeye ni mzima, na ana hoja zilizopangwa vizuri kuliko hizi zangu. Tafadhali msimsikilize.