Nyuzi Mia Nane na Shemeji

Jumanne, 4 Machi
Mkurugenzi anakuja Ijumaa kukagua seli zetu za fueli. Ni vigae vya kauri, vyembamba kama biskuti: ukivipasha hadi nyuzi mia nane na kuvipitishia gesi, vinatoa umeme. Atakayefanya vizuri ataongoza mtambo mpya. Tuko wawili: mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye anapandisha nyuzi moja kwa dakika, analichungulia tanuri kama anauguza mtoto. Kupoteza muda tu. Mimi nitaanza keshokutwa.

Jumatano, 5 Machi
Seli ya Shemeji inatoa umeme, imewasha balbu mezani kwake. Maabara nzima inapita kumpongeza. Nami nimempongeza, mpaka taya zikauma. Kisha nikateremka kwa fundi umeme wa jengo, nikamwomba Ijumaa saa nne kamili akate umeme, eti ukaguzi. Hita za Shemeji zitazimika, seli itapoa, aibu yake. Mimi nitakuwa nimeshaonyesha yangu saa tatu. Fundi huyu hachelewi kuchelewa; nimemkumbusha mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepandisha moto wote kwa saa moja. Tak. Halafu tak nyingine. Vigae kumi na viwili, vyote vimepasuka. Shemeji kaja na ufagio bila kuitwa. Akasema polepole, "Shem, kauri haitaki haraka." Huruma yake ndiyo inayonimaliza.
Alasiri akili imenijia. Nimechomeka balbu yangu ukutani, waya nikaupitisha nyuma ya tanuri tupu. Inawaka kuliko yake.

Ijumaa, 7 Machi
Mkurugenzi kachelewa. Kafika mezani kwangu saa nne kasoro dakika tano, kavutiwa, kauliza maswali. Nikajibu kwa kirefu. Sijui kwa nini sikunyamaza.
Saa nne kamili, umeme ukakatika. Balbu yangu ikazimika. Ya Shemeji ikaendelea. Kumbe seli ikishashika moto hujipasha yenyewe. Kwa mwanga wake Mkurugenzi akaufuata waya wangu kwa kidole, taratibu, hadi ukutani. Akaenda kumpa Shemeji mkono.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji ndiye kiongozi wa mtambo. Ameomba nisifukuzwe, niwe msaidizi wake. Mke wangu amelia kwa furaha.
Nimekaa barazani nikajichunguza kwa dhati nilipokosea. Nimepaona. Ni yule fundi: miaka sita kazini, siku aliyochagua kuwahi ni jana. Mtu wa namna hiyo hategemeki. Safari nyingine natumia betri.